Anatembea asubuhi, jioni anabebwa

Mtoto wa miaka 6 au 7 anaamka saa 12 asubuhi, anakwenda bombani kunawa, anavaa sare na kutoka na wenzake kwenda shule. Saa 6 mchana unyayo mmoja umeshaanza kupinda kwa ndani na kisigino hakigusi chini. Saa 11 jioni anaburuta miguu yote miwili, kiuno kimejipinda, na njia aliyoitembea asubuhi anairudi akiwa mgongoni mwa dada yake. Analala. Kukicha ametengemaa tena, kama vile jana haikuwapo.

Maelezo hayo, yakifika yakiwa kamili namna hiyo kwa daktari anayejua anachokisikia, karibu yanatosha kuutaja ugonjwa. Unaitwa distonia inayoitikia levodopa, na wengi huuita ugonjwa wa Segawa kwa jina la Masaya Segawa, daktari wa Japani ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1971, kisha wakarudi kuueleza kwa upana mwaka 1976 wakisisitiza hiyo tofauti ya asubuhi na jioni. Distonia ni misuli kujikaza na kukipinda kiungo bila mwenyewe kutaka. Iko ya aina nyingi, na nyingi hazina dawa ya maana. Hii inayo, ndiyo levodopa: kidonge kilekile wanachopewa wazee wenye Parkinson, ugonjwa wa mtetemeko na mwendo mzito, kwa dozi ndogo, humrudishia mtoto mwendo wake karibu wote.

Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya dalili ya kwanza na siku ya kutambuliwa ilipita wastani wa miaka kama 13. Na hao ni waliotambuliwa. Waliozeeka na jina lisilo lao hawamo kwenye hesabu.

Husemwa kwamba kinachochelewesha ni ukosefu wa mashine na vipimo vya jeni. Vipimo vinakosekana kweli, lakini chanzo kikubwa zaidi ni saa. Kliniki zetu ni za asubuhi. Mgonjwa hupanga foleni saa 1, huonwa saa 3 au 4, wakati ambapo mwili wake uko katika hali bora ya siku nzima. Akitoka mbali, atakuwa amesinzia ndani ya basi, na usingizi huo unamwongezea nguvu. Daktari anaona mtoto anayechechemea kidogo. Mama anasema "jioni hawezi hata kusimama", na maneno hayo yanaandikwa kwenye kadi kama wasiwasi wa mzazi, kama yanaandikwa. Siku nyingine foleni inasogea hadi saa 8 mchana, mtoto anaingia akiwa amejikunja, na kwa kuwa wiki tatu zilizopita alionekana afadhali, mtu anauliza kama hajifanyi. Nyumbani nako neno hilo lipo: anadeka, hataki kuchota maji, ana majini wa jioni. Ugonjwa unaokuja na kuondoka kwa saa humvunjia mgonjwa heshima ya kuaminiwa, na hilo linaumiza kuliko misuli.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo unaendesha mwendo kwa kutumia kemikali iitwayo dopamini. Kuitengeneza kunahitaji kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila msaidizi wake, tetrahaidrobiopterini, kwa kifupi BH4. Jeni iitwayo GCH1, iliyopo kwenye kromosomu ya 14, ndiyo yenye maelekezo ya hatua ya kwanza ya kutengeneza BH4. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walionesha kwamba kasoro kwenye jeni hiyo ndiyo inayosababisha ugonjwa huu kwa wagonjwa wengi. Mwenye nakala moja mbovu hutengeneza dopamini, ila kidogo. Mfikirie mwenye kisima chenye chemchemi nyembamba. Usiku kucha maji yanajikusanya, wanaowahi alfajiri wanajaza ndoo, na wanaofika jioni wanakuta tope. Kisima chenyewe hakijabomoka. Hapo ndipo ugonjwa huu unapoachana na Parkinson: seli za dopamini hazifi, zinakosa malighafi tu. Ndiyo maana mtu aliyeishi nao miaka 30 bila tiba bado anaweza kuitikia dawa vizuri, na ndiyo maana hakuna umri wa kusema "tumechelewa, basi".

Jina linalokuja kwanza Afrika Mashariki ni mtindio wa ubongo. Ni dhana ya haki, kwa sababu mtindio wa ubongo ni wa kawaida kwetu na visababishi vyake tunavijua: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyopanda kichwani. Shida ni jina hilo linapotolewa wakati hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto aliyezaliwa salama, akakaa kwa wakati, akatembea kwa wakati, kisha akiwa na miaka 6 mguu ukaanza kupinda, hana sababu ya kuitwa hivyo. Mtindio wa ubongo ni jeraha lililokwisha kutokea. Athari zake hubadilika mtoto anavyokua, lakini hausubiri hadi darasa la kwanza ndipo uanze. Uchunguzi wa mwili nao unaweza kumdanganya daktari mwangalifu. Nyundo ikigonga goti, mguu unaruka kwa nguvu, na kidole gumba cha mguu hujiinua chenyewe kama cha mtu aliyeumia uti wa mgongo. Dalili hizo ziko kwenye vitabu chini ya kukakamaa kwa jeraha la ubongo, kwa hiyo zinafunga mjadala mahali ambapo zingepaswa kuufungua.

Kisha inakuja picha ya MRI. Familia imeuza ng'ombe au imechangisha kwenye kundi la ukoo, picha inarudi safi, na jibu ni "ubongo hauna tatizo". Hapo pana kosa la kufikiri ambalo linarekebishika bila senti moja. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye mtindio wa ubongo walionekana na kasoro kwenye MRI. Picha safi kwa mtoto aliyekakamaa, basi, inapunguza uzito wa jina alilopewa na inadai jina jingine litafutwe. Katika ugonjwa wa Segawa MRI kwa kawaida huwa safi, maana kinachopungua ni kemikali, na kamera hiyo haipigi picha ya kemikali.

Kwa maeneo yanayokula muhogo mchungu kuna jina la tatu la kuliweka mezani, konzo, kupooza miguu kunakoletwa na sumu ya muhogo huo. Tarime, mkoani Mara, ilipigwa na mlipuko wake mwaka 1985. Konzo humwangukia mtu ghafla, kwa siku moja au chache, huishika miguu yote miwili kwa usawa, na baada ya hapo haibadiliki, asubuhi wala jioni. Kuuliza "ilianzaje, na saa ngapi huzidi" kunaitenga na Segawa kwa dakika 2.

Mzazi afanye nini kabla ya safari ya hospitali ya rufaa? Apige video. Simu ya kawaida inatosha. Achague sehemu moja ya uwanja, hatua kama 10 za kwenda na kurudi, mtoto akiwa peku na kaptura ili magoti na nyayo vionekane. Apige nusu saa baada ya mtoto kuamka, apige tena saa 11 jioni, mahali palepale, kwa siku 3 zinazofuatana. Siku moja kati ya hizo amlaze mchana kwa saa nzima, apige kabla na baada. Aseme kwa sauti mwanzoni mwa kila video tarehe na saa. Kinachoharibu video nyingi ni kupiga usoni, kupiga gizani, au kumshika mtoto mkono anapotembea. Mkono ulioshikwa unaficha ugonjwa wote. Video hizo zinamleta mtoto wa jioni ndani ya chumba cha asubuhi, na daktari haombwi tena kuamini neno la mtu.

Daktari naye ana wajibu wa kutenga magonjwa mengine yanayotibika. Ugonjwa wa Wilson, ambapo shaba hujikusanya kwenye ini na ubongo, unaweza kuanza kwa distonia na ukichelewa unaua. Utafutwe kwa kuangalia pete ya kahawia machoni na kupima seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu. Zitafutwe pia dawa zilizotangulia: haloperidoli aliyopewa mtoto "mwenye mashetani", au metoklopramidi ya kutapika, zote zinaweza kusababisha distonia zenyewe.

Baada ya hapo, msimamo wangu ni huu: mtoto yeyote mwenye distonia isiyo na sababu iliyothibitishwa apewe majaribio ya levodopa kabla ya kukatwa kano ya kisigino, na kabla ya familia kuambiwa izoee. Upasuaji wa kano haurudishwi nyuma. Majaribio ya dawa yanarudishwa.

Lakini majaribio mabaya yana hasara kuliko kutojaribu, kwa sababu yanafunga mlango kwa uongo. Yanaharibika kwa njia chache zinazojirudia, na ya kwanza iko kwenye kidonge chenyewe. Levodopa haipewi peke yake. Huchanganywa na kabidopa, inayoizuia isigeuzwe kuwa dopamini ikiwa bado nje ya ubongo, ambako kazi yake ni kumtapisha mtu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imetaja vidonge vya levodopa na kabidopa vya miligramu 100/10, 100/25 na 250/25, namba ya kwanza ikiwa levodopa na ya pili kabidopa. Kwa mtoto, tofauti hiyo ni kila kitu. Chukua mtoto wa kilo 20. Dozi ya kuanzia ni kama miligramu 1 ya levodopa kwa kila kilo kwa siku, yaani 20 hivi. Robo ya kidonge cha 100/25 inampa levodopa 25 na kabidopa 6.25, na hapo ameanza salama. Robo ya kidonge cha 250/25 inampa levodopa 62.5 na kabidopa ileile 6.25. Siku ya kwanza ameshapewa mara tatu ya alichohitaji, na ulinzi haukuongezeka. Anatapika, au mikono na shingo zinaanza kujichezesha ovyo. Familia inasema dawa imemkataa. Iliyokataa ni hesabu. Kwa kawaida mwili unahitaji kabidopa miligramu 70 hadi 100 kwa siku ili ulinzi ukamilike kwa mtu mzima. Kwa mtoto ni chini ya hapo, lakini kanuni ni ileile, na pale ambapo duka lina 250/25 pekee ni bora kuagiza na kusubiri kuliko kuanza vibaya.

Ya pili ni haraka. Dozi ipandishwe polepole, kama miligramu 1 kwa kilo kila wiki, ikigawanywa mara 2 au 3 kwa siku, hadi kufikia 4 au 5 kwa kilo. Yule mtoto wa kilo 20 atafika miligramu 100 kwa siku ndani ya wiki 5. Wengi wenye Segawa hubadilika kabla ya hapo, wengine ndani ya siku chache, na watu wazima wengi hutosheka na jumla ya miligramu 50 hadi 300 kwa siku. Mwili ukianza kujichezesha njiani, rudisha dozi ya nyuma, kaa hapo wiki mbili, kisha panda kwa nusu ya hatua. Ya tatu ni kukata tamaa mapema: dozi kamili ikae angalau mwezi mmoja kabla ya kuandika "haikufaa". Ya nne haionekani kirahisi. Mtoto akitapika anaandikiwa metoklopramidi, ambayo inazuia dopamini ileile tunayoitafuta. Mahali pake kuna domperidoni, ambayo kwa sehemu kubwa haiingii kwenye ubongo, na daktari ndiye aamue kama moyo wa mgonjwa unairuhusu.

Kidonge cha kawaida kinaweza kusagwa na kuchanganywa na maji kwa asiyeweza kumeza. Kidonge cha 100/25 ndani ya mililita 10 hutoa miligramu 10 za levodopa kwa kila mililita. Kitikiswe sana kwa kuwa hakiyeyuki chote, kinywewe papo hapo, kinachobaki kimwagwe. Kilichokaa hadi kesho kimeshapoteza nguvu. Vidonge vinavyotoa dawa taratibu havisagwi kamwe. Mfamasia amwoneshe mzazi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa macho, siyo kwa maelezo ya mdomo juu ya kaunta.

Mtu atauliza, na si swali la kupuuzwa: je, upupu? Mbegu za upupu zina levodopa kweli, kiasi cha asilimia 4 hadi 6 hivi ya uzito wake, na zimefanyiwa utafiti kwa wagonjwa wa Parkinson huko Bolivia. Kwa mzee aliyekosa dawa kabisa, chini ya uangalizi, ni mjadala halali. Kwa mtoto wa kilo 20 anayehitaji miligramu 20, gramu moja ya unga inaweza kuwa na levodopa 40 au 60, haina kabidopa hata chembe, na mbegu za shamba hili si sawa na za shamba lile. Hapo mjadala unaisha.

Kuna hatari pia ya matumaini kupita kiasi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo halisi, kwa kawaida, hatabadilika sana kwa levodopa, na mzazi anayetamani ataona mabadiliko hata yasipokuwapo. Dawa ya hilo ni kuandika shabaha kabla ya kidonge cha kwanza: hatua ngapi jioni bila kushikwa, dakika ngapi kuvaa sare, kisha video zilezile zirudiwe wiki ya 4 na ya 8. Nao wapo vijana wenye Parkinson ya mapema wanaoitikia vizuri mwanzoni, kisha baada ya miaka michache mwili unaanza kujichezesha na dawa inaisha nguvu kabla ya dozi inayofuata. Wenye Segawa hukaa na dozi ndogo kwa miongo bila hayo. Kuitikia mara moja hakumalizi uchunguzi. Namna mtu anavyoendelea kuitikia ndiyo inayosema.

Kwamba uchunguzi uendelee hata baada ya mafanikio, pacha Alexis na Noah Beery wa California ni mfano unaojulikana. Waliambiwa wana mtindio wa ubongo wakiwa na miaka 2. Mama yao, mwaka 2002, alikutana na makala ya gazeti ya mwaka 1991 iliyoeleza mtoto kama wake, na levodopa ikawasimamisha watoto. Miaka ikapita, Alexis akaanza kupata shida ya kupumua. Jenomu zao, yaani jeni zao zote, zikasomwa katika chuo cha Baylor huko Texas na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: kasoro ilikuwa kwenye jeni nyingine, SPR, na kasoro hiyo hupunguza dopamini na pia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo. Wakaongezewa kirutubisho kinachotengeneza serotonini, na Alexis akarudi kwenye mbio. Kinachonigusa hapo ni kwamba jina la kwanza lilipingwa na mzazi mwenye kipande cha gazeti, miaka mingi kabla ya maabara kufika.

Maisha baada ya kutambuliwa yana kazi zake ndogondogo. Dawa inywewe nusu saa kabla ya kula, saa zilezile, na vidonge vya madini ya chuma viachane nayo kwa saa 2 au zaidi kwa sababu vinaishika tumboni. Wasichana hupewa chuma mara nyingi, na hakuna anayewaambia hilo. Mgonjwa akianza dawa za kifua kikuu, daktari ajue kwamba isoniazidi inaweza kupunguza nguvu ya levodopa. Akiba ya nyumbani isishuke chini ya wiki 4, kwani dawa ikikatika mwili unarudi ulikotoka ndani ya siku chache. Shuleni, mitihani ya vitendo na michezo iwekwe asubuhi inapowezekana, na mtoto ambaye bado hajafikia dozi yake apewe nafasi ya kulala mchana kwa dakika 40 au saa, jambo ambalo mwalimu atalikubali akielezwa kwamba huo usingizi ni sehemu ya tiba. Fiziotherapia iendelee, hasa kunyoosha kisigino, kwa kano iliyofupika kwa miaka haitarefuka kwa kidonge.

Lipo na suala la duka la dawa. Levodopa imewekwa kichwani mwa watu kuwa dawa ya wazee, na hata hao wazee haiwafikii. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwahi kutambuliwa na mtu yeyote. Isipotambuliwa, dawa haiagizwi. Isipoagizwa, daktari anaacha kuiandika. Watoto wenye Segawa ni wachache mno kuweza kuvunja mduara huo peke yao: makadirio ya nusu hadi mtu 1 kwa kila watu milioni yanaipa Tanzania, yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, wagonjwa kati ya 30 na 60. Lakini kidonge cha 100/25 kikiwepo kwenye kila hospitali ya mkoa kwa ajili ya wazee, watoto hao wamekipata bure, pembeni.

Na katika hesabu hiyo ya 30 hadi 60 sidhani kama wote ni watoto. Ugonjwa huu hurithiwa kwa nakala moja ya jeni, kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuipata, na baadhi ya wanaoibeba hawaugui kabisa. Wanawake huugua kuliko wanaume kwa zaidi ya mara 2. Mtu mzima anaweza kuonesha mkono unaokakamaa tu anapoandika, au mtetemeko na uzito wa mwendo unaofanana na Parkinson, na kadiri umri unavyosogea ile tofauti ya asubuhi na jioni hufifia. Kwa hiyo siku mtoto anapotambuliwa, video mbili zaidi zinahitajika kabla ya familia kurudi kliniki: mama mdogo anayesemwa ana miguu mizito tangu utotoni, na bibi wa upande huohuo, aliyetembelea fimbo tangu kabla ya kuolewa. Nusu saa baada ya kuamka, na saa 11 jioni.